Kwenda Kuwaangalia Farasi

Leith, Edinburgh
9 Machi 1958

Shangazi Elspet mpendwa,

Shikamoo. Barua hii ikukute umeshaota moto na kunywa chai yako ya saa kumi, maana najua kabla ya chai husomi cha mtu. Hapa tu wazima, isipokuwa goti la Mama, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Amekataa kwenda kwa daktari. Anasema daktari mwenyewe anachechemea. Soksi ulizotuma zimefika, na ile jozi ya kijani nimeificha kabla Mama hajaiona, kwa hiyo ukimwandikia usizitaje.

Nimepata kazi. Napiga taipu kwa Bwana Lorimer, mtu wa chuo kikuu anayezunguka nchi nzima na mashine ya kunasa sauti akiwatafuta wazee wenye nyimbo. Amelala mazizini, ameumwa na mbwa mara nne, na bado anasema hakuna kazi nyingine anayoitaka duniani. Mimi husikiliza tepu na kuandika maneno. Nusu ya nyimbo hizo ni za uasi: za Mwanamfalme aliyekuja kudai kiti cha baba yake, za vita vya Culloden alikoshindwa, za waliokimbilia milimani na walionyongwa. Miaka mia mbili na kumi na miwili imepita, na mchunga ng'ombe wa Buchan anaimba huku analia, kana kwamba habari imeletwa asubuhi hii.

Basi nikaukumbuka wimbo wako, ule wa Davie Rattray wetu aliyejificha pangoni baada ya vita. Ninazo beti ulizokuwa ukiimba kwenye karamu ya mavuno nilipokuwa mdogo:

Davie alala pangoni,
Maji yanguruma chini,
Upanga u mkononi,
Na kiapo ki moyoni.

Nani kaonyesha njia,
Koti jekundu kungia?
Msaga unga, sikia,
Damu itakulilia.

Halafu hapo, kabla ya ubeti wa kunyongwa, ulikuwa ukifanya jambo ambalo sijaona mwingine akilifanya. Mahadhi yalizunguka mara moja nzima bila maneno. Ulivumisha tu, macho umefumba, kisha ukaendelea. Utotoni nilidhani unapumzika. Sasa nimesikiliza tepu zaidi ya mia, najua mwimbaji hapumziki hivyo. Pale pana ubeti. Naomba uniandikie.

Mwanao,
Netta

*

Balnabreck, Bonde la Fernach
2 Aprili 1958

Netta mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu kondoo hawajui kusubiri. Arobaini na mmoja wamezaa, watatu nimewapoteza kwa theluji ya wiki iliyopita, na mmoja yuko miguuni pangu ndani ya sanduku la viazi, ananyonya chupa na kunitazama kama mkwe asiyeridhika. Mwambie wifi yangu asugue goti kwa mafuta ya kondoo na aache ubishi, ingawa najua la pili ni gumu zaidi. Mchungaji mpya amefika kanisani. Ni kijana na anahubiri kwa kifupi, kwa hiyo watu wanamshuku.

Jana Dod Duthie wa kinuni, anayetusagia nafaka, alileta unga wa oti. Amezeeka, maskini, lakini bado husimama mlangoni na kofia mkononi mpaka nimwambie mara tatu aingie.

Kuhusu wimbo. Wimbo ni mzima, hauna pengo. Mimi huvumisha pale kwa sababu bibi yangu alivumisha pale, na ukitaka kujua yeye alivumisha kwa nini itakubidi uende kaburini ukamuulize, na ujifunge skafu vizuri, huko kuna baridi. Tena umesahau ulivyolelewa. Kwetu wimbo una mwenyewe. Huu ulikuwa wa bibi, sasa ni wangu, na maadamu ni hai hakuna anayeuimba nikiwa chumbani. Nikifa utakuwa wako, pamoja na birika la shaba na yule jogoo mkorofi. Mpaka hapo, Bwana Lorimer aendelee kuumwa na mbwa wa watu wengine.

Nimekutumia skonzi kwenye bati. Bati lirudi.

Shangazi yako,
Elspet

*

Leith
27 Aprili 1958

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na skonzi zilifika zikiwa nane. Mama anasema lazima zilikuwa kumi na mbili na mtu wa posta ana makombo kwenye sharubu. Goti limepona baada ya mafuta yako, lakini amekataza nikuambie.

Nataka kukusimulia jambo. Jumamosi huwa tunakutana vijana kama thelathini kwenye chumba cha chini, chini ya duka la vitabu, tunakunywa kahawa mbaya na kuimba. Nyimbo zinazoimbwa kwa nguvu ni zilezile za uasi. Kuna kijana mmoja kutoka Argyll, ambaye babu zake walivaa koti jekundu la askari wa serikali na kuwawinda babu zetu, na yeye ndiye anayeipiga meza kuliko wote. Hakuna hata mmoja wetu anayetaka Mwanamfalme arudi. Angerudi leo tungemgombeza kwa sababu ya kodi. Kwa nini basi tunaziimba kwa nguvu hivyo? Bwana Lorimer anasema mshindi hupewa serikali, aliyeshindwa hupewa nyimbo. Ni maneno mazuri, naye anajua kuwa ni mazuri, wiki hii ameyasema mara tatu. Mimi nadhani kuna kingine. Nadhani kila anayeimba anajiuliza, mimi ningetoka kwenda kupigana? Wimbo unamjibu kwamba angetoka. Basi kwa dakika nne anatoka na upanga pamoja na wenzake, kisha anarudi kumalizia kahawa yake.

Mama alipoisoma barua yako alisema, "Kinuni tena." Halafu akasema peke yake, huku anamenya viazi, "Hew Duthie asingevuka bahari kama si wimbo ule." Nilipomuuliza akanituma nikamwage majivu. Hew Duthie ni nani?

Wako,
Netta

*

Leith
15 Juni 1958

Shangazi,

Shikamoo. Wiki saba sasa, kimya. Mama anasema uko kwenye kukata manyoya ya kondoo. Nataka kuamini hivyo, lakini hata mwaka uliovunjika mkono uliandika kwa mkono wa kushoto.

Bati nililirudisha tarehe 10 Mei, ndani nikaweka tumbako ya kiko chako. Jirani wa juu amepata mtoto wa kike mwenye sauti ya tarumbeta. Sina habari nyingine, na nimekuwa nikizunguka mbuyu barua nzima ya kwanza na ya pili, kwa hiyo acha niseme.

Niliuimba wimbo wako. Niliuimba Februari, kabla hata sijakuandikia, pale chini ya duka la vitabu. Nilijiambia kwamba sheria inasema mwenyewe akiwa chumbani, na wewe ulikuwa Fernach. Ni hoja ya kitoto na nilijua hivyo nilipokuwa naisema. Bwana Lorimer alikuwepo na mashine yake. Ndivyo nilivyopata kazi.

Sasa anachapisha kitabu cha nyimbo za uasi na wimbo wetu umo. Chini yake pana maelezo kwamba msaga unga aliyemsaliti Davie alikuwa wa ukoo wa Duthie, ambao mpaka leo wana kinu palepale. Aliniuliza ni kinu gani, nikamwambia. Maelezo nimeyapiga taipu kwa vidole vyangu. Kurasa za mwisho zinatakiwa kwa mpiga chapa tarehe 4 Oktoba. Nilitaka ubeti uliofichwa ili wimbo uingie kitabuni ukiwa kamili, ndiyo sababu yote ya barua zangu.

Nisamehe,
Netta

*

Balnabreck
28 Julai 1958

Netta,

Salamu kwanza, kwa kuwa nilifunzwa adabu. Tu wazima. Nyasi zimekatwa na kuanikwa. Mwanakondoo wa sandukuni amekuwa kondoo na amekula pazia.

Umeimba wimbo wa mtu naye yu hai, ukauza asali ya mzinga usio wako, kisha ukaja kuniomba na nta. Hilo tutalimaliza uso kwa uso, wala usilete keki. Lakini la akina Duthie ni kubwa kuliko langu na lako.

Hukuwahi kujiuliza wao hufanya nini wimbo ule unapoimbwa? Ulikuwa mtoto, ulikuwa chini ya meza na paja la kuku. Kila mwaka karamu inafanyika ghalani kwetu, bonde zima linakuja, na akina Duthie wanakuja, kwa sababu unga wa karamu ni wao. Watu wakiniita niimbe, Dod huinuka, huvaa kofia, husema, "Naenda kuwaangalia farasi." Mkewe humfuata, na watoto. Baba yake alisema hivyohivyo, na babu yake. Farasi wa mwisho wa bonde hili aliuzwa mwaka wa hamsini na mbili. Dod bado huenda kuwaangalia. Nikimaliza hurudi, hukaa, husema mvua inakuja au haiji, na hakuna anayemuuliza farasi wanaendeleaje. Hiyo ni aibu waliyoibeba humu bondeni, katikati ya watu wanaowajua kwa wema mwingine mia. Wewe unataka kuipeleka Glasgow na London, isomwe na watu ambao hawajawahi kuonja unga wao.

Umeniuliza Hew. Ni kaka yake Dod. Alirudi kutoka vita vya Ufaransa mwaka wa kumi na tisa akiwa na mguu mmoja mgumu na utani wake wote. Kiangazi kile alikuwa akipita hapa kila jioni kuuliza kama tunahitaji unga, hata siku aliyouleta mwenyewe asubuhi. Aliniambia ana neno la kuniambia baada ya karamu. Bibi alikuwa amefariki miezi michache kabla, kwa hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuimba wimbo ukiwa wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na kiburi cha watu sitini. Wakaniita, nikasimama. Hew akainuka pamoja na baba yake na Dod, wakaenda kuwaangalia farasi. Baba yake alirudi, Dod alirudi. Hew hakurudi, na baada ya wiki tatu alipanda meli kwenda Kanada.

Basi. Usiniulize zaidi.

Elspet

*

Leith
5 Agosti 1958

Shangazi,

Shikamoo. Mama anakusalimu, na safari hii kwa hiari yake. Nilimsomea barua yako, akaacha kufuma, akasema, "Alikuwa na macho mazuri, Hew," kisha akaendelea kufuma.

Sina cha kujitetea. Nilikwenda kwa Bwana Lorimer nikamwomba autoe wimbo kitabuni. Aliniuliza, kwa upole, kama nina haki ya kuufuta zaidi ya ile niliyokuwa nayo ya kuuleta. Amekubali kuliondoa jina la Duthie kwenye maelezo. Lakini akasema, "Binti, wimbo wenyewe unamtaja msaga unga, na bonde hilo lina kinu kimoja. Wasomaji si wajinga. Wimbo husahihishwa na wimbo."

Sikuulizi tena ubeti unasemaje. Nakuuliza jambo moja tu, na ukinijibu kwa neno moja litanitosha. Kweli alikuwa yeye?

Netta

*

Balnabreck
14 Septemba 1958

Netta mwanangu,

Marahaba, na wifi yangu naye marahaba kwa hiari yake. Oti zimeingia ghalani kabla ya mvua, ila shamba la juu. Barua hii nimeiandika mara tano, na mara nne imewasha jiko.

Hakuwa yeye.

Si msaga unga yule,
Wala si wa ng'ambo ile;
Nduguye wa tumbo lile
Ndiye aliyemuuza.

Huo ndio ubeti. Davie alikuwa na mdogo wake, Ninian. Askari walipofika walimsimamisha Ninian uani na mama yake, mienge ikiwa tayari, wakamwambia achague: nyumba au pango. Alinyoosha kidole. Davie alinyongwa Carlisle, hana mke wala mtoto. Ninian alioa, akazaa saba, na mimi na marehemu baba yako na wewe ni wa Ninian. Paa lililo juu ya kichwa changu ninapoandika ndilo aliloliokoa. Bibi alinipa ubeti huu nikiwa na miaka kumi na minane, mlango umefungwa, akaniapisha. Hupewa mwanamke mmoja kila kizazi, na wimbo ukifika hapo tunavumisha. Haturuki pengo, wala hatulijazi. Umeona kwamba mstari wa mwisho hauna kina kama mingine? Ndiyo maana nauamini. Mwongo angetafuta kina.

Simlaani Ninian. Nimesimama mara nyingi uani palepale nikajiuliza ningefanya nini, na sijapata jibu linalonipendeza. Wewe uliandika kwamba anayeimba anataka kuamini angetoka. Kweli, ila fikiri na hili. Waliotoka wengi hawakurudi kuzaa. Sisi tunaoimba ni watoto wa waliobaki nyumbani, ndiyo maana tunaimba kwa nguvu hivyo.

Lakini kubaki nyumbani ni kitu kimoja, na kumtwika jirani mzigo wako miaka mia mbili ni kingine. Ningeweza kuusema ubeti huu mwaka wa kumi na tisa. Nilikuwa nao mdomoni. Nilimwona Hew akivaa kofia na nikavumisha. Nilisema moyoni kwamba nimeapa kwa bibi, na kweli nimeapa, lakini sikunyamaza kwa ajili ya bibi. Nilinyamaza kwa sababu watu wote walikuwa wananitazama, na mimi ni Rattray, na ilikuwa tamu.

Usiuchapishe bado. Karamu ni Jumamosi tarehe 27. Dod na watu wake wausikie kwangu kwanza, si kwenye kitabu. Nitasimama niuimbe mbele ya wote. Nikishindwa, sijui.

Elspet

*

Leith
19 Septemba 1958

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naandika haraka ili ipate gari la posta la leo.

Mama alisema, "Mwambie asimwage mtama kwenye kuku wengi." Anasema Baba alizikwa na jina la Rattray likiwa safi. Tukagombana, akaenda kulala na nguo. Asubuhi akasimama mlangoni pangu akasema, "Mwambie avae shali nyekundu. Ile nyeusi inamfanya aonekane anazika." Nadhani ndiyo baraka yake.

Bwana Lorimer atasubiri mpaka tarehe 4, zaidi ya hapo hawezi. Sikumwambia ubeti. Nilitamani kuja, nauli ninayo, lakini siji. Nikiwepo, utaimba huku unanitazama mimi, na jambo hili si langu.

Nakupenda sana, Shangazi. Hatusemi hivi kwetu, kwa hiyo nimeandika.

Netta

*

Balnabreck
29 Septemba 1958

Netta mwanangu,

Marahaba. Shali ilikuwa nyekundu. Mwambie mama yako alikuwa sahihi na asizoee. Shamba la juu liliingia Ijumaa, kwa hiyo tulikuwa na karamu ya halali. Kulikuwa na supu ya kondoo, viazi, jibini, mikate ya oti, na wiski ambayo mchungaji kijana aliionja akakohoa mpaka wakampiga mgongoni. Sasa wanampenda.

Baada ya ngoma ya tatu wakaanza, "Elspet! Elspet! Pango!" Nikasimama. Dod naye akasimama, kofia ikapanda kichwani, akasema lake. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Dod Duthie, hakuna farasi. Kaa chini."

Watu wakacheka, kwanza. Halafu wakaona kwamba yeye hacheki na mimi sicheki.

"Elspet," akasema, "imba tu, mama. Nitarudi."

"Leo huendi. Kuna ubeti hamjausikia, ninyi nyote, na wewe ndiye wa kwanza kuusikia. Sisi ndio tunaopaswa kuwaomba msamaha, tangu zamani."

Hakukaa, lakini hakutoka. Alibaki kwenye mlango wa ghala, mkewe nyuma yake amemshika mkono. Nikaimba. Ubeti wa pango, sawa. Ubeti wa msaga unga, nikamtazama Dod naye akatazama viatu vyake, na ndipo nilipojua kwamba katika miaka thelathini na tisa sijawahi kuuimba nikiwa namwona Duthie. Kisha mahadhi yakafika pale. Nikafungua mdomo, na Netta, nikavumisha. Sikukusudia. Koo langu limezoea, lilikwenda lenyewe kama punda anayejua njia ya nyumbani. Nilijisikia navumisha mbele ya watu wote, machozi yananitoka, maneno ninayo na hayatoki.

Dod akayaimba.

Pale mlangoni, kofia ameivua, kwa sauti yake ya kukwaruza. Wimbo wa mtu, mwenyewe yumo chumbani. Hata mchungaji alijua kwamba hilo halifanywi. *Si msaga unga yule.* Aliuimba wote, neno kwa neno kama alivyonipa bibi, mpaka mstari ule usio na kina.

Nikamuuliza, "Umeutoa wapi?"

"Kwetu," akasema. "Sisi pia tunao. Aliyetunga wimbo huu ni mama yao, mama wa Davie na Ninian. Alikwenda kinuni, akamwomba babu yetu. Alimwambia amenyongewa mmoja, na bonde likijua atauawa wa pili. Akamwomba abebe yeye, maana kila mtu anahitaji unga, hakuna atakayemuua msaga unga. Babu akakubali. Ila alimwambia, tutabeba, lakini hatutakaa kuusikiliza. Na hatutasema mpaka watu wako waseme kwanza." Akageuza kofia mikononi. "Wewe ulishaanza kusema, Elspet. Nimekusaidia kidogo tu."

Nililia, siwezi kukuficha, nililia kwa sauti, mimi niliyezika baba na kaka kwa macho makavu. Nililia kwa haya, na kwa hasira juu ya bibi yangu ambaye pengine naye hakujua, na kwa sababu nusu ya uasi tuliokuwa tukijivunia ghalani ulikuwa umekaa kinuni wakati wote, unasaga unga wetu. Kisha nikajipangusa na shali ya mama yako nikasema, "Dod, wimbo huu ni wangu. Kaa chini." Safari hii alikaa. Nikauanza upya, kutoka pangoni mpaka kitanzini, na maneno yote yakatoka. Watoto wa akina Duthie walikuwa hawajawahi kusikia mwisho wake. Yule mdogo wa kike aliuliza kwa sauti kwa nini Davie hakukimbia tu.

Sasa la kitabu. Mwambie Bwana Lorimer auchape wote. Kwenye maelezo aandike Rattray, jina kamili, Ninian wa Balnabreck, na aandike pia kwamba msaga unga alibeba kwa hiari. Dod amekubali. Nilimuuliza kama anataka jina la Duthie litajwe, akasema, "Andika. Hata farasi watafurahi." Wewe uuimbe popote utakapo, nikiwepo na nisipokuwepo. Nimekuachia. Birika na jogoo vitasubiri.

Jana baada ya ibada nilishuka kinuni kwa miguu. Dod alinitengenezea chai. Nikamuuliza nilichokuja kuuliza, kama Hew alijua.

"Alijua tangu mtoto," akasema. "Jioni ile tulisimama nje ya ghala, ukutani. Ulipofika pale akaniambia, 'Akiusema, naingia.' Ukavumisha. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, 'Anaujua, Dod. Anaujua na amenyamaza.'"

Nikauliza Hew yuko wapi. Yuko Ontario, kwenye makaburi ya mji mdogo wenye kinu. Alifariki miaka kumi na moja iliyopita, alikuwa na mke na binti wawili. Dod hakuwahi kuniambia habari zake hata moja, na nilipomlaumu alinitazama kwa mshangao, akaniambia kwamba tangu Hew apande meli mpaka jana, sikuwahi kumuuliza.

Shangazi yako,
Elspet